Nyumba Yetu ya Likizo Inaelea Juu ya Maji



Siku ya soko mama mmoja alitusimamisha karibu na mahali wanapouza sombe, akatuuliza mbele ya watu: «Mama mwalimu, ni kweli kwamba likizo kubwa ninyi mnalala ndani ya balenieri na watoto watatu? Hamuogopi maji?» Tulimjibu kwamba tunaogopa sana, na ndiyo maana mpaka leo tuko wazima. Akacheka, lakini hakutuachia. Mnapika wapi? Mtoto anajisaidia wapi? Usiku mnafanya namna gani? Kumbe nyuma yake walikuwa wamesimama mama wengine wanne, wote wanasikiliza. Tukaona heri kuandika yote hapa, kwa sababu mama wengi wa kwetu wanasafiri kwa mto na mizigo kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna anayewafundisha.

Kwa wasiotufahamu: baba wa watoto ni fundi wa motere katika balenieri moja inayoshuka Lualaba kutoka Kindu mpaka Ubundu, kisha inapanda tena. Ni karibu kilometa 300. Kupita Ubundu chombo hakiwezi, kwa kuwa mbele yake yanaanza maporomoko ya Boyoma, yako saba, mpaka Kisangani. Watu na mali wanaendelea kwa nchi kavu. Shule ikifungwa mwezi wa saba, tunafunga mlango, tunamwachia jirani kuku, na tunamfuata baba. Kwa majuma sita nyumba yetu ni nafasi ya mikeka miwili chini ya turubai, karibu na motere. Kelele yake ni kubwa hata tumezoea kuzungumza kwa mikono. Tukirudi nyumbani, juma zima majirani wanatuuliza ni nani tuliyekosana naye, kwa nini tunapiga kelele.

Tuanze na jikoni, kwa kuwa mama akifika mahali popote, la kwanza anatafuta mahali pa mafiga.

MOTO NDANI YA CHOMBO CHA MBAO

Balenieri ni mbao kutoka mbele mpaka nyuma, na ndani yake kuna bidoni za mazutu. Kwa hiyo mbabula haiwekwi juu ya mbao hata siku moja. Sisi tuna bati kubwa, nusu ya pipa lililokatwa, tumelijaza mchanga wa mto mpaka katikati. Mbabula inakaa juu ya mchanga huo. Ikianguka, makala yanaanguka mchangani. Pembeni daima kuna ndoo ya maji, na ndoo hiyo si ya kuosha sahani wala ya kunawa. Ni ya moto peke yake. Lakini mazutu ikishika moto, msiimwagie maji, maana mafuta yanaelea juu ya maji na moto unatembea nayo. Tupeni mchanga, au funikeni kwa blanketi lililoloweshwa maji.

Pikeni wakati chombo kimefungwa ukingoni, asubuhi kabla ya kuondoka na jioni baada ya kusimama. Mchana tunakula kilichobaki: kwanga, ndizi za kuchoma, karanga. Sufuria iwe moja yenye mfuniko mzito, na mfuniko ufungwe kwa kamba kwenye mikono ya sufuria. Mwaka wa kwanza hatukufunga. Wimbi la chombo kikubwa likatupiga ubavuni, na wali wote wa watu saba ukaenda kwa samaki. Jioni ile tuliwatazama samaki kwa jicho baya sana.

Kwa habari ya samaki, tuwaambie kisa cha mtoto wetu wa pili. Wakati huo alikuwa na miaka minne, na alimpenda sana mzee anayeongoza chombo, ambaye wote wanamwita Baba Kapiteni, kwa sababu alikuwa anampa karanga. Jioni moja mvuvi alituuzia samaki mkubwa mzuri. Baba wa watoto akaita kwa furaha: «Njooni, leo tunakula kapiteni!» Mtoto alilia kilio ambacho kijiji kizima kilikuja kutazama. Hakunyamaza mpaka mzee mwenyewe alipoitwa, akaketi karibu na sufuria, akala kapiteni mwenzake mbele ya macho yake.

MAJI YA KUNYWA, NA SWALI LA MTOTO

Katika chombo kuna sheria moja ambayo kila mtoto wetu anaijua: maji yanachotwa mbele, uchafu unaenda nyuma. Kibanda cha choo kiko nyuma kabisa. Chombo kikiwa kimefungwa, mbele yake inatazama mkondo unapotoka, kwa hiyo maji ya mbele hayajapita chooni kwetu.

Tulikuwa tunajivunia sheria hii mpaka mkubwa wetu alipotuuliza: «Mama, na kijiji kile kilicho juu yetu, choo chao kiko wapi? Na balenieri iliyofungwa mbele yetu?» Hatukuwa na la kujibu. Maji ya mbele yetu ni maji ya nyuma ya mwingine. Tangu siku hiyo hatunywi maji ya mto bila kuyatengeneza, hata yakionekana safi kama machozi.

Tunafanya hivi. Jioni tunajaza ndoo na kuifunika. Usiku matope yanashuka chini. Asubuhi tunamimina polepole maji ya juu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Kisha tunayachemsha mpaka yatokote kwa nguvu, tunayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Makala yakikosekana tunatia dawa ya maji tunayonunua famasi, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na tunangojea nusu saa. Maji ya kunywa yako katika bidoni ya manjano, ya kuosha katika bidoni ya buluu. Mtoto asiyejua kusoma anajua rangi.

Mtoto akiharisha, msingojee kufika Ubundu. Chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mkoroge, mmpe kidogokidogo, kila mara anapoharisha. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au kuna damu, mwambieni kapiteni asimame kwenye kituo cha afya cha karibu. Kapiteni mwema atasimama. Kwa hiyo sukari na chumvi tunazitia katika chupa ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na kiberiti, na chupa hiyo haifunguliwi kwa ajili ya chai, hata mgeni akiwa nani.

KUITA MAJINA

Mwalimu hata akiwa likizo anabaki mwalimu. Mara tatu kwa siku tunaita majina ya watoto wetu kama darasani: asubuhi, saa ya kula, na kabla ya kulala. Mkubwa ni wa kwanza, wa pili ni wa pili, na mdogo ni wa tatu. Kila mmoja anajibu kwa namba yake.

Safari moja, siku ya pili, tuliita. «Moja!» «Mbili!» Mdogo akapiga mkono wake kifuani, maana yake tatu. Kisha sauti tusiyoijua ikasema: «Nne!» Alikuwa mtoto wa abiria mwingine, amejipanga mwisho wa mstari na mikono nyuma, safi kabisa. Siku ya tatu walikuwa saba. Siku ya nne walikuwa kumi na mmoja, na mbuzi wa mtu. Tukaona basi, Mungu ametupa darasa. Tukafundisha hesabu juu ya magunia: magunia mangapi upande wa kulia, mangapi upande wa kushoto, chombo kitainama upande gani? Mama zao walipumzika, na sisi tukapewa ndizi nyingi kuliko mshahara wa mwezi ule.

Sasa maneno ya uzito. Mtoto mdogo avae jile la kuelea tangu anapoingia katika chombo mpaka anaposhuka. Wengi wanalala juu ya majile kama mito. Jile lililo chini ya kichwa halimwokoi mtu. Mkimvalisha mtoto, fungeni kamba zote, kisha mlishike jile mabegani na kulivuta juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno, litamtoka majini. Asiye na jile atafute bidoni tupu ya lita 20 iliyofungwa vizuri, yenye kamba ya kushika. Si jile, lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

Msimfunge mtoto kwa kamba kwenye chombo chenyewe, kwa kuwa chombo kikipinduka kinakwenda naye. Na mama anayebeba mtoto mgongoni afunge kikwembe kwa fundo la mbele linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Jaribuni nyumbani, macho yakiwa yamefumbwa. Sisi tulijaribu, tukaona kwamba fundo letu la miaka yote lilihitaji mikono miwili na meno.

USIKU, NGUO NA MCHANGA

Jua likikaribia kuzama, chombo chetu kinafungwa kwenye kijiji. Serikali imekataza mara nyingi kusafiri usiku, na bado wako wanaosafiri. Miti iliyoanguka mtoni haina taa. Mkiwa na hiari ya kuchagua, ulizeni kabla ya kulipa: «Usiku mnasimama?» Chandarua kinafungwa kwenye miti ya turubai kabla giza halijaingia, na pindo lake linawekwa chini ya mkeka pande zote. Mbu wa mto hawaogopi motere, hata ikinguruma.

Nguo zilizofuliwa zinaanikwa kwa kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Ncha ya nguo inapenyezwa katikati ya kamba, haihitaji kibanio. Hili tulijifunza kwa suruali ya baba wa watoto, ile ya kwenda kanisani. Upepo uliichukua karibu na Lowa, tukaiona inaelea kwa heshima zote, miguu mbele. Majuma mawili baadaye, tukiwa tunapanda, mvuvi mmoja alitupungia mkono kutoka mtumbwini mwake kwa furaha nyingi. Baba wa watoto akamtazama, akatutazama sisi. Mvuvi alikuwa ameivaa. Ilimkaa vizuri kuliko mwenyewe. Hatukusema neno, tulinunua samaki kwake, na alitupunguzia bei bila kujua kwa nini tulikuwa tunacheka.

Na mwezi wa nane maji yakipungua, jueni kwamba mtakwama kwenye mchanga. Si mwisho wa dunia. Wanaume wanashuka kusukuma, maji yanafika magotini, na mkubwa wetu anauliza kila mara: «Baba, kumbe tungetembea kwa mguu?» Chukueni chakula cha siku mbili zaidi ya mnazohesabu. Hilo ndilo shauri lote.

SHUBIRI MBILI

Tumeliacha la mwisho kwa kuwa si la kuchekesha sana.

Baba Kapiteni aliwafundisha watoto wetu kwamba chombo chake kikisha kupakiwa, kati ya maji na ukingo wa juu lazima zibaki shubiri mbili za mkono wa mtu mzima. Kila chombo kina kipimo chake. Hicho ndicho cha chombo kile. Sisi tukaona hapa kuna somo. Tukampa mkubwa chaki, akachora mstari mweupe ubavuni kwa nje, shubiri mbili chini ya ukingo. Maji yakifika mstarini yanaufuta. Mstari ukifutika, mzigo umepita. Kila kituo ilikuwa kazi yake kuutazama, naye aliifanya kama askari wa mpaka.

Mwaka uliopita tulikuwa tunashuka. Siku ya pili tulisimama kwenye kijiji ambacho hatutakitaja. Baba Kapiteni alikuwa na homa, akaenda kulala kwa ndugu zake kijijini. Mtu wa mwenye chombo alikuwa ametangulia huko, ametayarisha magunia ya mchele na bidoni za mafuta ya mawese. Akaanza kupakia.

Mkubwa akaja: «Mama, mstari umefutika.» Tukafikiri ni wimbi. Tukachora mwingine juu kidogo, shubiri moja na nusu. Wakaingiza magunia mengine. Huo nao ukafutika, na mto ulikuwa umetulia kama sahani. Tukashusha mkono wenyewe. Shubiri moja haikutimia.

Tulimwambia baba wa watoto. Alinyamaza muda mrefu, ufunguo wa motere mkononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini: «Nikisema, safari ijayo watachukua fundi mwingine. Nisiposema, ninyi mko ndani.» Tulimwona anavyoumia. Mtu anayelipwa na mwingine hana mdomo mkubwa, na sisi walimu tunalijua hilo vizuri. Tukamwambia: «Wewe tengeneza motere. Sisi tunashuka kuoga watoto.»

Tukashuka na watoto watatu na sabuni. Kwenye maji tukawaeleza mama wawili walioshuka pia, bila kelele. Hao wakawaeleza wengine. Mama walikuwa kumi na mmoja chomboni. Baada ya muda wanane walikuwa wameketi ukingoni, kila mmoja na mtoto wake na beseni lake. Hakuna aliyetukana. Mtu wa mwenye chombo akaita: «Tunaondoka!» Mama mmoja mwenye mvi akamjibu kwa adabu: «Nendeni, baba. Sisi tutawaonyesha njia watakaokuja kuwatafuta.» Akasema nauli hairudishwi. Tukasema tumesikia. Akasema tutalala na mamba. Tukasema tumesikia hilo pia.

Mama wa tisa alikuwa na vikapu vitatu vya samaki wa moshi, na alitaka kuwahi soko la Ubundu. Alishuka mwisho, kwa hasira, akapita mbele yetu akisema: «Samaki wangu wakikosa bei, mama mwalimu, nitakuja kula kwako na watoto wangu wote.» Tulipokuwa tumekaa hivyo, balenieri nyingine ikapita, imejaa kupita yetu, watu wamekaa juu ya magunia wakiimba. Walipotuona wakapiga makofi na kucheka.

Jua lilikuwa linashuka wakati Baba Kapiteni alipokuja, amejifunika blanketi, matelo mmoja amemshika mkono. Hakuuliza habari. Alitutazama sisi tulioketi, akaenda ubavuni mwa chombo, akainama, akashusha mkono wake kati ya maji na ukingo. Kisha akasema: «Toeni magunia 20.» Yule mtu akaanza kueleza habari za bei na za mwenye chombo. Mzee akasema: «Chombo kikizama watauliza kapiteni ni nani. Hawatauliza wewe.» Wakatoa 20, kisha 4 zaidi. Mkubwa wetu akachora mstari. Tukalala pale, tukaondoka asubuhi.

Tungependa kuwaambia kwamba ile balenieri iliyotucheka ilipata shida. Haikupata. Ilifika Ubundu salama, mbele yetu, ikiwa na samaki wengi, na samaki wa yule mama wakashuka bei. Hakutusemesha tena safari yote. Mtu wa mwenye chombo alipeleka maneno, na baba wa watoto akasimamishwa safari mbili. Mwezi ule tulikula sombe bila samaki, na viatu vya shule vya mkubwa vilingojea mpaka mwezi wa kumi. Baadaye walimwita tena, kwa sababu fundi mpya na motere ile hawakusikilizana.

Jioni moja mtoto wetu wa pili alituuliza: «Mama, wale wengine hawakuzama. Basi sisi tulikosea?» Tulimwambia: anayevuka njia ya pikipiki amefumba macho akafika ng'ambo, hajajua kuvuka. Akafikiri, akasema: «Lakini amefika.» Ndivyo, amefika. Tumesoma miaka mingi, tuna diploma ya ualimu, na hatukuwa na jibu zuri kuliko hilo. Tuliita majina, wakajibu moja, mbili, tatu, tukalala.

Tunawaandikia hili ili mama atakayeshuka chomboni ajue kwamba huenda hakuna atakayemshukuru. Gharama iko, na mara nyingi inalipwa na wale wa nyumbani mwake. Msishuke peke yenu. Mama mmoja akishuka anaachwa, wanane wakishuka wanasikilizwa. Semeni kwa adabu. Na pimeni kabla hamjalipa nauli, si baada, maana fedha ikisha kutoka mkononi mguu unakuwa mzito.

Mwaka huu, mwezi wa saba, tulikuwa hapa ukingoni Kindu tunapakia mikeka yetu. Yule mama wa samaki akafika na vikapu vyake vitatu. Tangu Ubundu hatukuwa tumesalimiana. Alisimama kando, akatazama maji, akatazama chombo kilichofungwa karibu na chetu, ambacho ndicho alichokuwa anataka kupanda. Kisha akatugeukia:

«Mama mwalimu, umebaki na chaki?»

Tukampa kipande. Akakivunja katikati, akaturudishia nusu.

Kikundi kinachotaka tuje kuonyesha jinsi ya kupima jile na kufunga fundo la kikwembe, kituachie neno shuleni kabla ya siku ya tano. Chaki bado ziko. Juma jema, wapendwa mama.